Chini ya Paa la Mkwe

Donholm, Nairobi
4 Machi 2024

Kwa mkwe wangu Austine,

Salamu nyingi. Mwaliko wako umefika pamoja na kile kifurushi cha korosho, na Marion, huyu mjukuu wangu, binti wa Triza, ninayeishi naye, alizimaliza karibu zote kabla sijavaa miwani. Asante. Kila mwaka mwezi huu wa Machi, karibu na siku aliyofariki Winny, unaniandikia nije kukaa hotelini kwenu japo wiki moja. Na kila mwaka nakujibu yale yale, kwamba mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Hilo unalijua. Nyinyi Wajaluo mnalo kama sisi Wabukusu tulivyo nalo. Hata simu hatupigiani. Tunaandikiana kama watu wa zamani, na barua zetu zinasafiri kwa basi la Mombasa katikati ya vitunguu vya watu.

Mwaka huu sijibu hivyo, wala sijibu vingine. Nataka kuuliza tu. Siku hizi nakaa kitini zaidi kuliko nilivyozoea, na nikiwa nimekaa nimegundua kwamba sijui mwanangu aliishi wapi. Jina nalijua, Nyumba ya Kurasa. Najua iko Msambweni. Najua vyumba vimepewa majina ya vitabu, kwa sababu Triza aliwahi kunionyesha picha nikamrudishia haraka. Basi niandikie. Mtu akifika mlangoni anaona nini? Nani anampokea? Winny alipenda kukaa wapi akifanya kazi? Usinifupishie. Nilisahihisha insha maisha yangu yote ya kazi, na mtoto aliyeniandikia "mambo yalikuwa mazuri sana" nilimrudishia daftari.

Wako,
Mwl. Selpher Nabalayo


Nyumba ya Kurasa, Msambweni
15 Machi 2024

Mama,

Barua yako niliisoma nimesimama mapokezi huku mgeni ananidai taulo. Alingoja. Hujawahi kuniuliza swali hata moja kuhusu nyumba hii, kwa hiyo utaniwia radhi nikiandika kama mtu aliyefunguliwa bomba.

Mtu akifika anakuta mlango mkubwa wa mbao uliochorwa kama jalada la kitabu. Kitasa kipo upande ambao watu hawakitafuti, kwa hiyo wengi husukuma uti wa kitabu na kutukana. Winny alikuwa akisema anayeshindwa kufungua kitabu alale nje. Ndani kuna meza ndefu iliyotoka kwenye maktaba fulani ya zamani. Hapo unaacha simu kwenye droo, na tunakugongea muhuri wa tarehe ya kurudishwa, maana mgeni kwetu ameazimwa, hajanunuliwa.

Vyumba viko sita. Kamusi ndicho wanachokipenda wengi. Kila kitu humo kina kibandiko chenye maana yake, na vibandiko vyote ni mwandiko wa Winny. Kwenye chandarua: "Ukuta wa watu wavivu kuua mbu." Kwenye feni: "Huzunguka sana, haifiki popote, tazama pia Mbunge." Huko Upelelezi hatukupi ufunguo, unautafuta. Mholanzi mmoja aliutafuta mpaka chakula cha mchana akaukuta ndani ya kofia aliyoivaa. Mapishi kiko juu ya jiko, na wanaolala humo huamka na njaa. Ushairi ni chembamba, wapenzi wanakipenda na wanene wanakichukia. Riwaya ndicho kikubwa, kiko ghorofani, kitanda kinatazama bahari. Cha sita ni Hesabu. Hakuna aliyewahi kukichukua, naweka humo mifagio.

Chakula cha asubuhi tunakiita Dibaji. Mezani kuna sheria moja, aliiweka yeye: ukimwambia mtu mwisho wa kitabu anachokisoma, unaosha vyombo. Tumewahi kuoshewa vyombo na jaji mstaafu.

Winny alikaa barazani, kwenye ngazi ya tatu, si ofisini. Alitaka kusikia watu wakicheka vibandiko.

Sasa kuna jambo sijawahi kukuandikia. Baada ya kumzika nilijenga kijumba kando ya ua. Hakigusani na nyumba kwa ukuta wala kwa bati. Paa lake ni lake peke yake, na mlango unatazama upande mwingine, ili ukitoka asubuhi tusikutane uso kwa uso. Nilimwita mzee wa kwetu anayekaa Ukunda aje akione. Akakizunguka, akasema kwa mila kinatosha. Wafanyakazi wanakiita keja ya Mama. Hakuna mgeni aliyewahi kulala humo. Nakifagia mwenyewe kila Jumamosi.

Kwa hiyo paa langu si kizuizi tena, Mama. Njoo.

Mkwe wako,
Austine Odongo


Donholm
2 Aprili 2024

Kwa mkwe wangu Austine,

Keja si neno la kumwandikia mwalimu mkuu mstaafu, lakini nimeliacha.

Marion alinisomea barua kwa sauti. Tulicheka pale kwa feni mpaka jirani akabisha kuuliza kama ni heri. Nilimsikia Winny, kabisa. Hivyo ndivyo alivyokuwa akinijibu jikoni kule Shauri Moyo akiwa na miaka kumi, na mimi nikimwambia maneno mengi hayajengi nyumba. Kisha Marion akafika kwenye kijumba. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia anipe hiyo karatasi aende akaangalie sufuria, na kwenye jiko hakukuwa na sufuria.

Na mimi nikuambie langu. Madaktari wamemaliza vipimo vyao. Ni saratani ya kongosho. Yule kijana wa koti jeupe alikuwa anamweleza Marion, kana kwamba mimi ni mtoto niliyeletwa kuchanjwa. Nikamwambia mwenye tumbo ni mimi, aniambie mimi. Akaniambia. Hawanipasui. Wanasema nikae na watu wangu. Maumivu ninayo lakini si ya kulalamikia.

Kuhusu kijumba, usikifagie tena kwa ajili yangu. Sisemi kwa ukali. Kuna jambo ambalo ningepaswa kukuambia kabla hujamtafuta mzee wa kukizunguka. Nimelianza kwenye karatasi nyingine nikazichana. Nipe muda kidogo, ingawa nimetoka tu kukuambia kwamba sina.

Wako,
Mwl. Selpher Nabalayo


Msambweni
13 Aprili 2024

Mama,

Nimesoma habari ya kongosho nikatoka nje. Mpishi alidhani nimepokea simu ya msiba. Pole. Pole sana, Mama.

Nadhani nalijua hilo unaloona ugumu kuniambia. Unataka kusema kijumba hakitoshi, kwamba paa ni lake lakini ua ni mmoja, na ua ni wangu. Nimeliwaza pia. Basi nitaondoka. Nina rafiki Ukunda, nitalala kwake muda wote utakaokuwa hapa. Utazunguka nyumba nzima, utaketi ngazi ya tatu, utaingia Riwaya alimofia. Hutaniona hata kivuli. Marion aniambie tu siku.

Na kwa kuwa tumefika hapa, na mimi nina langu. Winny alipolala ile miezi ya mwisho, ningeweza kuondoka wakati ule vilevile. Ningeenda hukohuko Ukunda nikuachie nyumba, ungekuja, ungelala kitanda kimoja na mtoto wako. Sitasema sikuliwaza. Nililiwaza kila siku. Alikuwa anakuulizia, unajua. Ila nilitaka niwe mimi ninayemgeuza na kumnywesha. Nilijiambia mume haondoki nyumbani mke akiwa mgonjwa, nikajificha nyuma ya hilo. Kwa hiyo mila haikukuzuia kumwona mwanao, Mama. Nilikuzuia mimi kwa kukataa kupisha. Pale makaburini, ulipokuwa umesimama peke yako upande ule, ndipo nilipoliona wazi, na nimekaa nalo tangu siku hiyo.

Naomba unisamehe. Hata usipokuja, nijibu hilo.

Austine


Donholm
21 Aprili 2024

Austine,

Ketia kitu kwanza.

Barua yako niliisoma mwenyewe, bila Marion. Siwezi kufa nikiwa nimekuacha unaniomba msamaha.

Mila ipo, sikuitunga. Lakini katika ukoo wetu ina mlango. Mkwe huleta blanketi, mama mkwe akafunikwa nalo mabegani mbele ya wazee, wakala sahani moja, basi, yameisha. Tangu siku hiyo anaweza kulala kwa mkwe wake, kubeba wajukuu, hata kugombana naye juu ya chumvi. Wewe hukujua kwa sababu kwenu mnafanya vingine, na hakuna mtu wetu aliyekuambia. Hawakukuambia kwa sababu niliwakataza.

Siku ya harusi yenu, pale nyuma ya kanisa, shemeji yangu mzee Job Wekulo alinivuta pembeni. Akasema kijana ameonyesha heshima, watu wapo, chakula kipo, tumtume alete blanketi tumalize leo leo. Nikamwambia bado. Akauliza bado nini. Nikasema nitamwita mwenyewe siku ikifika. Mzee Job alifariki akingoja nimwite.

Na hilo si baya kama linalofuata. Tobias, mume wa Triza, alileta lake mwaka uleule aliomwoa. Ni la kijani, liko kabatini hapa. Nimelala kwao Lucky Summer Krismasi nyingi sana. Hata miezi ile Winny alipokuwa amelala huko Msambweni, mimi nilikuwa Lucky Summer, kwa sababu nyumba hii ilikuwa inapakwa rangi. Nililala chini ya paa la mkwe, Austine. Ni vile tu halikuwa lako.

Utauliza kwa nini. Winny alifaulu kuliko mtoto yeyote aliyepita mikononi mwangu. Akawa wakili, na mimi nikawa mama wa wakili, kanisani na dukani. Kisha akaacha kazi akaolewa na kijana aliyetandaza vitabu vya mitumba juu ya gunia karibu na Gikomba, mahali ambapo wazazi wa wanafunzi wangu walipita kila asubuhi. Nilikuwa nawapigia watoto wa Shauri Moyo kelele wasome vitabu, na nikamwonea aibu mtu aliyewauzia. Mlipohamia pwani kufungua hoteli, watu niliwaambia Winny amehamishwa kikazi. Nikajiambia siku ya blanketi itakuja akipata akili, akarudi. Ilikuwa adhabu. Nilidhani nina uwezo wa kuimaliza wakati wowote nitakaotaka.

Alikuwa akinipigia simu ukiwa umetoka. Hilo pia hulijui. Mara ya mwisho sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. Akasema, "Mama, mbona kwa Tobias unalala?"

Nikamwambia, "Tobias ni mtu mwingine."

 Halafu akaniuliza kama Marion amefaulu mtihani, tukazungumza habari za mtihani mpaka akachoka. Nilisema moyoni nitakwenda rangi ikikauka. Ilikauka, nikaona kwanza turudishe mapazia. Tulikuwa tunatundika mapazia Triza alipopokea ile simu yako.

Kwa hiyo si wewe. Ungeondoka ukaenda hata Ulaya, nisingekuja. Hukunizuia chochote. Ulikuwa unafanya kazi yangu.

Selpher Nabalayo


Msambweni
9 Juni 2024

Mwalimu Nabalayo,

Nimenyamaza muda mrefu kwa sababu niliyotaka kuyasema hayaandikwi kwa mtu wa rika lako. Mengine bado hayaandikiki.

Kila jioni nilikuwa nikimchana Winny nywele, zile zilizobaki. Na karibu kila jioni nilimwambia, mila ni ngumu lakini Mama anakupenda, anaumia huko aliko. Naye alikuwa ananijibu, "Usimlaumu Mama. Ni mila, hana la kufanya." Ananitazama tu. Mimi nikidhani namtuliza. Sasa naambiwa alijua. Alikuwa ameshaambiwa Tobias ni mtu mwingine, na bado akakaa pale akinisikiliza nikimwelezea mila zenu kama mjinga. Sijui alikuwa anamlinda nani, wewe au mimi. Nimelala na swali hilo tangu Aprili.

Triza alijua. Tobias alijua. Walikuja kwenye mazishi wakala nyumbani kwa mama yangu, wakanishika mkono.

Unadhani umenitua mzigo. Labda. Lakini nilikuwa nimeuzoea, na nilikuwa na mama mkwe niliyemheshimu. Sasa sina huo wala huyo.

Kijumba nimekivua bati. Mabati nimempa mpishi afunikie kuku.

Usije.

A. Odongo


Donholm
18 Juni 2024

Austine,

Mwandiko huu ni wa Marion, maneno ni yangu.

Ulifanya vizuri kukivua bati. Hakikupaswa kujengwa.

Sikuandika ili unisamehe. Niliandika ili uache kuomba msamaha. Kama hilo limetimia, sina jingine la kukudai, na sitakuomba nije.

Ila umeuliza swali na mimi ni mwalimu, siwezi kuliacha lining'inie. Nadhani alikuwa anakulinda wewe. Alijua akifa tutabaki wawili tuliompenda kuliko watu wengine wote, na alitaka tuweze kukaa pamoja. Ungejua, ungenichukia, ukakosa wa kulia naye. Alinifichia ili upate mtu. Na mimi pale makaburini, uliponijia ukanyoosha mkono nusu, kisha ukaurudisha kwa ajili ya heshima, niliinamisha kichwa kana kwamba nashukuru kuheshimiwa. Niliuona mkono. Ningeweza kuushika. Ningeweza kusema neno moja tu pale pale, na wazee wote wa ukoo wetu walikuwepo.

Winny alitarajia kwamba angalau hapo ningesema.

Selpher Nabalayo

Anko Austine, sasa ni mimi Marion, hajui naandika hii. Kukhu, huyu nyanya yangu, haendi vizuri. Ameacha kuvaa miwani, anasema hakuna kitu cha kuona. Barua yako, ile ya vyumba, ananiambia nimsomee kila siku, ile tu, akifika pale kwa keja ananiambia wacha hapo. Mimi pia nilikuwa nimekasirika naye, mpaka sai. Lakini mgonjwa ni yeye. Sikuombi kitu. Nimekuambia tu.


Msambweni
27 Juni 2024

Mama,

Sijakusamehe. Nimejaribu kwa njia zote ninazozijua, na bado.

Njoo hata hivyo. Utalala Riwaya, kitanda kilekile, mlango wa pili kutoka wangu, chini ya bati langu. Sileti blanketi na siiti wazee. Siendi Ukunda. Utakula mezani nami, na utanitazama usoni. Kama mila ina la kutufanya, itufanye.

Kuna mambo ya ile miezi ambayo sijawahi kumwambia mtu, kwa sababu mtu wa kuambiwa ni mamake. Umeandika kwamba alitaka tukae pamoja. Sijui kama uko sahihi au unajipunguzia. Njoo tujue.

Marion akubebee blauzi nyepesi. Huku hata Julai jasho haliishi.

Austine


Nyumba ya Kurasa, ghorofani
30 Julai 2024

Austine,

Nakuandikia nikiwa juu na wewe uko chini, nasikia unabishana na mtu wa samaki. Sauti yangu imebaki ya kunong'ona, na yapo mambo ambayo hata ningekuwa na sauti nisingeyasema nikikutazama. Marion atakushushia karatasi hii.

Siku za kwanza tulikula kama majirani waliogombania kamba ya nguo. Uliketi, ukanitazama kama ulivyosema utanitazama, na mimi nikatazama wali. Wageni walidhani tuna nadhiri fulani. Yule mama wa Eldoret alikuuliza kama mimi ni mama yako. Ukasema hapana, ni mamake mke wangu, ukaendelea kunitolea samaki miiba.  

Jana asubuhi nilijichafua kitandani. Marion alikuwa ameenda dukani. Nikaamua kumngoja, nikajifunika mpaka kidevuni, na wewe ukaingia na uji. Nikaona umejua. Nilikuambia utoke, nikatumia ile sauti iliyowanyamazisha watoto wa Shauri Moyo, au mabaki yake. Ukauweka uji dirishani ukatoka. Nilishukuru. Ukarudi na beseni.

Mkwe hamwoni mama mkwe wake hata goti. Wewe ulinigeuza, ukanifuta, ukanivisha, wala hukukunja uso wala hukuangalia pembeni. Nilifumba macho kwa hiyo nilichokijua ni mikono tu. Ilijua pa kushika begani nisiumie. Ilijua kuviringisha shuka chafu upande huu na kutandika safi upande ule bila kuniinua. Hakuna aliyezaliwa anajua hivyo. Na ulisema jambo moja tu muda wote ule: "Inua huu mkono, Mama. Winny naye alikuwa hapendi kuuinua."

Nimelala chumba hiki majuma kadhaa nikitazama dari, nikijiuliza alitazama nini. Sikuwa nimewaza habari ya mikono. Niliposema ulifanya kazi yangu, niliandika tu, Austine, kama wanavyoandika watu waliosoma. Sikujua ni kazi gani. Uliifanya peke yako, asubuhi kwa asubuhi, ukidhani unaninyang'anya.

Sikuulizi kama umenisamehe. Ukiwa na msamaha, najua hutautangaza mezani.

Lakini kila saa kumi unaniletea chai na jambo moja la ile miezi, kisha ukiona macho yangu unakatisha. Umeniambia alivyojinyoa nywele zilizobaki akasema afadhali zitoke kwa amri yake. Umeniambia alivyomfukuza mgeni aliyemletea maua ya plastiki. Juzi ulifika siku aliyoacha kula, ukanitazama, ukageukia habari za tangi la maji. Tangi halijambo. Nimelisikia likijaa.

Usinihurumie tena hivyo. Nilihurumiwa na yeye mpaka akafa. Leo ukipanda, funga mlango, ukae kile kiti kilicho karibu na sikio langu zuri, na uanzie hapo, siku aliyoacha kula. Uniambie alisema nini na wewe ulimjibu nini, na kama aliniita, uniambie aliniitaje. Nina nguvu ya kusikiliza leo. Ya kesho sijui.

Mama Winny